Paka wa jikoni na simba wa Mikumi: Ukoo mmoja, silika ile ile

Jua linapozama nyuma ya Milima ya Uluguru na malori yanayopita Mikese kuelekea Dar es Salaam yanapoanza kuwasha taa, kuna kiumbe katika nyumba nyingi za mji huu mdogo ambaye ndiyo kwanza anaamka. Amelala tangu asubuhi, juu ya gunia la mahindi au pembeni ya figa zenye majivu ya uvuguvugu. Sasa anajinyoosha, anapiga miayo, anajilamba kifua, kisha anatoka mlangoni bila kumwangalia mtu.

Wakati huo huo, mwendo wa kama saa mbili kwa basi upande wa magharibi, kwenye mbuga ya Mkata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, simba naye anaamka. Amelala kivulini mchana kutwa. Anajinyoosha vile vile, anapiga miayo vile vile, anajilamba, kisha anaondoka kwenda kutafuta chakula.

Kwa familia nyingi hawa ni wanyama wawili walio mbalimbali kabisa. Mmoja hufukuzwa kwa mfagio akisogelea dagaa. Mwingine akisikika tu ananguruma, watu hufunga milango na kuhesabu watoto. Lakini ukiwatazama kwa makini, wanatembea, wanawinda, wanalea na hata kukasirika kwa namna inayofanana sana. Mzazi anayezijua tabia hizo hupata faida mbili. Kwanza, anaishi vizuri na paka wake bila kumpiga kwa makosa ambayo si makosa. Pili, anapata mfano ulio hai, pale pale uani, wa kumfundishia mtoto namna ya kujihadhari na simba na chui.

Somo hilo lina uzito Mikese. Upande wa kaskazini liko eneo la wanyamapori la Wami-Mbiki, magharibi iko Mikumi, na kusini zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mkoa wa Morogoro si mahali ambapo simba anajulikana kwa picha za vitabuni tu.

Alijileta mwenyewe

Paka wa nyumbani, simba, chui, duma, mondo na simbamangu wote ni wa familia moja, ambayo wanasayansi huiita Felidae. Mwaka 2013 watafiti waliosoma vinasaba vya chui milia, yule paka mkubwa wa Asia, waliona kuwa vinafanana na vya paka wa nyumbani kwa zaidi ya asilimia 95. Chui milia, simba na chui ni ndugu wa karibu, kwa hiyo undugu huo unawahusu wote.

Hata hivyo, babu wa paka wa nyumbani si simba. Ni paka pori, mnyama mwenye rangi ya mchanga au ya kijivu na michirizi hafifu miguuni, ambaye wengine humwita kimburu. Hadi leo anaishi kwenye vichaka na kando ya mashamba hapa Tanzania, na mtu asiyemfahamu anaweza kumdhania paka wa jirani aliyepotea.

Binadamu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka huko Mashariki ya Kati, miaka kama 10,000 iliyopita, panya walifuata nafaka na paka pori akafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus, wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Ng'ombe na punda walikamatwa wakafungwa kamba. Paka alijileta mwenyewe, na watu wakamwacha akae kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya asibadilike sana. Mbwa alichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atii, alinde na achunge. Paka aliachwa afanye ndani ya ghala kile kile alichokuwa akikifanya porini. Kwa hiyo paka anayelala jikoni leo ana mwili na silika za mwindaji, na kilichoongezeka ni uvumilivu wa kuishi karibu na watu.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, na wa bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York, walilinganisha haiba ya paka wa nyumbani na ya jamaa zake wa porini, wakiwemo simba wa Afrika, kwa kutumia maelezo ya watu wanaowatunza. Paka na simba walikutwa na mambo makuu matatu yanayofanana: kupenda kutawala, kutenda kwa pupa, na wasiwasi. Baadhi ya vyombo vya habari vikatangaza kwamba paka angemuua bwana wake kama angekuwa mkubwa. Utafiti haukusema hivyo. Ulichoonyesha ni kwamba haiba ya paka imepangika kama ya jamaa zake wa porini.

Mwenda pole

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Waliposema hivyo walikuwa wameangalia vizuri, na mtoto yeyote wa Mikese anaweza kuhakikisha kwa kumtazama paka anapomwona panya karibu na kihenge.

Kwanza paka anaganda. Masikio yanaelekea mbele, macho hayapepesi. Kisha anashusha tumbo karibu na ardhi na kunyata, akiweka mguu mmoja baada ya mwingine, akisimama kila panya anapoinua kichwa. Ncha ya mkia inatikisika kidogo. Akishafika karibu anatikisa makalio, halafu anaruka.

Simba jike anayemnyemelea pundamilia hufanya karibu yote hayo, akitumia majani marefu badala ya magunia. Sababu ni moja. Wanyama wa familia hii wana nguvu nyingi za ghafla lakini pumzi yao ni fupi. Mbwa mwitu anaweza kumkimbiza swala kwa kilomita kadhaa hadi achoke. Simba na paka hawawezi. Ni lazima wafike karibu kwanza, na windo likiwahi kukimbia, kwa kawaida huachana nalo. Hata simba hukosa zaidi ya nusu ya mawindo anayoyajaribu.

Kuua nako kunafanana, ingawa ukubwa wa windo hubadilisha mambo. Paka humng'ata panya kwenye kisogo na kukata uti wa mgongo kwa meno yake marefu. Simba akiwinda mnyama mkubwa kama nyati, humkaba koo au kumziba mdomo na pua hadi akose pumzi. Chui hupandisha windo lake juu ya mti ili fisi na simba wasimnyang'anye. Paka anayekimbiza kichwa cha samaki chini ya kitanda au juu ya dari anafanya jambo hilo hilo, kwa sababu hiyo hiyo.

Usingizi wa mchana nao unaelezeka hapa. Simba hupumzika saa 16 hadi 20 kwa siku, na paka hulala kama saa 12 hadi 16. Anayemwita paka wake mvivu anamwonea. Mnyama anayekula nyama hupata nguvu nyingi kwa mlo mmoja, na anapaswa kuzitunza kwa ajili ya zile sekunde chache za kuruka.

Macho yao yamejengwa kwa kazi ya jioni na usiku. Nyuma ya jicho kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama kioo, ili mwanga mdogo utumike mara mbili. Ndiyo maana tochi ikimmulika paka gizani macho yake huwaka kijani au manjano, na macho ya simba huwaka vile vile mbele ya taa za gari. Familia zinazomwogopa paka mweusi kwa sababu ya macho hayo, au kumhusisha na uchawi, zinapaswa kujua kuwa rangi ya manyoya haina uhusiano wowote na jambo hilo. Paka mweupe naye macho yake huwaka.

Mama anayefundisha

Kuna asubuhi ambapo mama mwenye nyumba hufungua mlango na kukuta panya aliyekufa kizingitini, paka akiwa amekaa pembeni. Wengine huona ni zawadi, wengine huona ni uchafu. Kwa paka ni desturi ya ukoo. Mwindaji hupeleka windo mahali anapojisikia salama, na paka jike mwenye watoto huwapelekea kwanza panya waliokufa, halafu walio nusu hai, ili wajifunze kukamata.

Duma jike hufanya hivyo hivyo porini: huwaletea watoto wake mtoto wa swala akiwa hai na kumwachilia mbele yao. Watoto wa simba huanza kwa kufuata na kutazama, na huchukua muda mrefu kabla ya kuweza kuwinda wenyewe. Michezo ya watoto wa paka, ya kurukiana, kung'atana shingo na kukimbiza mkia wa mama, ndiyo shule hiyo hiyo.

Paka jike pia ana tabia ya kuhamisha watoto. Leo wako kwenye boksi la nguo, kesho wako nyuma ya kabati. Watu husema kakasirika kwa sababu watoto wameguswa. Kwa kweli anafanya kile ambacho chui na simba jike hufanya: kubeba mtoto mmoja mmoja kwa mdomo na kubadilisha maficho ili harufu isiwavute maadui. Simba jike huwaficha watoto wake kwa kama wiki sita hadi nane kabla ya kuwapeleka kwenye kundi.

Miongoni mwa maadui hao ni madume wa aina yao wenyewe. Utafiti wa simba wa Serengeti, ulioanza mwaka 1966 na kuendelea kwa miongo mingi, uliweka wazi kwamba madume wapya wakiteka kundi huua watoto wadogo wa madume waliotangulia, ili majike wapate joto mapema na kuzaa nao. Dume la paka pia linaweza kuua watoto wasio wake. Familia yenye paka mwenye watoto wachanga isiwaache mahali ambapo madume ya mtaani yanaingia usiku.

Lakini kuna upande wa upole pia. Simba jike wa kundi moja hunyonyeshana watoto. Paka majike wanaoishi pamoja, hasa mama na binti zake kwenye ghala lenye panya wengi, nao hufanya hivyo.

Mkojo ukutani, kucha kwenye kochi

Makosa mawili ndiyo humfanya paka apigwe zaidi: kurusha mkojo ukutani na kuchana makochi. Yote mawili ni barua.

Chui dume anayepita katika eneo lake hurusha mkojo kwenye vichaka na kukwaruza magome ya miti. Simba hufanya hivyo pia. Harufu na alama hizo huwaambia wengine nani anakaa hapo na alipita lini, ili wasikutane na kupigana bila sababu. Dume la paka linaporusha mkojo kwenye nguzo ya nyumba linatoa taarifa ile ile kwa dume la jirani. Kulipiga hakusaidii, kwa sababu halielewi kosa, na woga huweza kulifanya lizidishe alama. Linalosaidia ni kulihasi mapema kwa daktari wa mifugo. Morogoro ina bahati hapa, kwani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina hospitali ya wanyama. Kuhasi hupunguza pia mapigano, kuzurura na idadi ya watoto wa paka wanaotupwa majalalani.

Kwa kucha, dawa ni kumpa mahali pake. Gogo lenye gome au kipande cha ubao kilichozungushiwa kamba ya katani kinatosha. Kisimamishwe karibu na pale anapopenda kukwaruza.

Paka anapojisugua shavu kwenye mguu wa mtu naye anaacha harufu, ila hii ni ya amani. Simba wa kundi moja wanapokutana husuguana vichwa kwa namna hiyo hiyo. Mtoto anayesuguliwa mguu na paka amepewa salamu ya ndugu.

Wanapoachana

Kufanana kote huko hakufuti tofauti, na baadhi ya tofauti hizo zinamsaidia mzazi kumwelewa paka zaidi.

Sauti ni ya kwanza. Simba na chui hunguruma. Ngurumo ya simba inaweza kusikika hadi kilomita 8, kwa sababu ya umbile la koo na nyuzi zake za sauti. Paka hawezi. Ana ule mtetemo mdogo wa kifuani anaoutoa akivuta na kutoa pumzi, ambao simba hana kwa namna hiyo. Duma yuko upande wa paka: ni mkubwa, lakini hangurumi kama simba, na huweza kutoa mtetemo huo. Mtetemo si furaha tu. Paka aliyeumia au anayeumwa anaweza kuutoa pia.

Ile sauti ya "nyau" nayo ina siri yake. Watoto wa paka humlilia mama yao, lakini paka wakubwa hawaambiani "nyau" mara nyingi. Wakubwa huitumia zaidi kwa watu, maana wamejifunza kwamba watu huitikia.

Tofauti ya pili ni jamii. Simba ndiye pekee katika familia nzima anayeishi na kuwinda kwa makundi kama desturi. Paka, kama chui, huwinda peke yake. Anaweza kuishi na wenzake, lakini chakula anapenda kula bila kubanwa. Nyumba yenye paka wawili inafaa iwe na visahani viwili vilivyotengana.

Tofauti ya tatu ni woga, nayo ndiyo husahaulika zaidi. Simba hulala chali kwenye uwanda kwa sababu hana wa kumwogopa isipokuwa binadamu na simba wenzake. Paka ni mwindaji na pia ni windo. Mbwa, nyoka mkubwa, ndege wakubwa na hata chui wanaweza kumla. Kwa hiyo hupenda kukaa juu, kwenye kenchi au juu ya kabati, na akiugua hujificha badala ya kulalamika. Paka aliyeacha kula na kujibanza gizani kwa siku mbili asichukuliwe kuwa amenuna. Anahitaji daktari.

Simba wa kufugwa hayupo

Kama wanafanana kiasi hiki, kwa nini mtu asifuge mtoto wa simba? Jibu limewahi kuonekana nchi jirani ya Kenya.

Mwaka 1956 George Adamson na mkewe Joy walianza kumlea Elsa, mtoto wa simba aliyebaki yatima, na baadaye wakamrudisha porini. Kisa hicho kilipendwa duniani kote, na filamu ikatengenezwa mwaka 1966. Mmoja wa simba waliotumika katika filamu hiyo, dume aliyeitwa Boy, alibaki na Adamson kwa miaka. Mwaka 1971, huko Kora, Boy alimshambulia na kumuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson mwenyewe akalazimika kumpiga risasi.

Boy alikuwa amezoea watu tangu akiwa mdogo, lakini kuzoea si kufugika. Paka wa nyumbani ana nyuma yake maelfu ya miaka ya vizazi vilivyoishi karibu na watu, na bado mtoto wa paka asiposhikwashikwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba tangu azaliwe, anaweza kukua akiwa mkali na mwoga. Simba hana historia hiyo kabisa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 pia inakataza kukaa na mnyamapori bila kibali. Anayeokota mtoto wa simba au chui asimpeleke nyumbani, kwa sababu mama yake huenda yuko karibu. Aondoke haraka na kutoa taarifa kwa viongozi wa kijiji au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), ambayo makao yake makuu yako Morogoro.

Asikimbie

Hapa ndipo paka wa uani anapokuwa mwalimu. Mzazi afunge kipande cha kitambaa kwenye kamba na kukilaza mbele ya paka. Kikiwa kimetulia, paka hukitazama tu. Kikianza kuvutwa, hasa kwenda mbali naye, paka hukirukia papo hapo. Ndivyo pia miguu ya mtoto anayepita mbio sebuleni inavyorukiwa.

Mtoto akishaona hivyo, ni rahisi kuelewa kwa nini mtu aliyekutana na simba au chui haruhusiwi kukimbia wala kugeuza mgongo. Kukimbia humwambia mnyama kwamba hili ni windo. Inapasa kusimama, kumwelekea, kuwabeba watoto wadogo, kupaza sauti nzito na kurudi nyuma polepole huku ukimwachia njia ya kuondoka. Asichokozwe, asitupiwe kitu akiwa ametulia, na asizibiwe njia. Paka aliyebanwa kwenye kona huwa mkali kuliko aliye uwanjani, na chui aliyejeruhiwa au kuzingirwa na watu ni hatari kupita kiasi.

Hili si jambo la kubuni. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300. Matukio mengi yalikuwa mikoa ya kusini na pwani, na yaliongezeka msimu wa mavuno. Nguruwe pori huingia mashambani, simba huwafuata, na wakulima wanaolala kwenye madungu kulinda mazao hujikuta katikati yao.

Utafiti mwingine wa timu hiyo, wa mwaka 2011, uliangalia mwezi. Mashambulizi yalikuwa mengi zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Wakati huo mwezi huchelewa kuchomoza, saa za mwanzo za usiku huwa na giza, na simba huwa na njaa baada ya siku za mwanga ambazo wanyama waliwaona mapema. Ni saa zile zile ambazo watu bado wako nje, wakitoka kisimani, dukani au shambani. Familia inayolala shambani katika maeneo yenye simba ingefanya vyema kuwahi ndani siku hizo, kutembea kwa makundi na taa, na kutomtuma mtoto peke yake jioni.

Akikwaruza au kuuma

Kwa kuwa meno ya paka ni membamba na marefu, kidonda chake huonekana kidogo juu lakini huwa kirefu ndani, na huoza upesi. Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Jina linataja mbwa, lakini paka naye huupata na kuuambukiza, na wanyamapori pia. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka, kidonda kioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili daktari aamue kuhusu chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Paka na mbwa wa nyumbani wachanjwe.

Mama mjamzito naye ajihadhari na kinyesi cha paka, ambacho kinaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni. Paka hupenda kufukia kinyesi kwenye udongo laini, na mara nyingi udongo huo ni tuta la mchicha. Mboga zioshwe vizuri, na anayepalilia avae glavu au anawe mikono kwa sabuni.

Ugali hautoshi

Mwisho, chakula. Paka hana uwezo wa kuonja utamu wa sukari. Kinasaba kinachohusika kiliharibika zamani katika ukoo wake, na wanasayansi walikuta hali hiyo hiyo kwa duma na chui milia mwaka 2005. Mwili wake umejengwa kwa nyama, na asipopata kirutubisho cha taurini kilichomo kwenye nyama na samaki anaweza kupofuka na kuugua moyo. Ugali mtupu haumtoshi. Dagaa, vichwa vya samaki au utumbo uliopikwa humsaidia.

Wapo wanaomnyima chakula ili akamate panya. Hiyo haifai. Paka aliyeshiba kiasi bado huwinda, kwa sababu silika ya kuwinda haisubiri njaa, na mwenye njaa huenda kwanza kwenye vifaranga na sufuria la jirani. Utafiti uliofanyika Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 uliona kuwa panya walipunguza kutafuta chakula karibu na nyumba pale tu palipokuwa na paka na mbwa pamoja. Mmoja peke yake hakutosha. Kwa mkulima wa Mikese mwenye mahindi ndani, hiyo ni sababu nzuri ya kuwalisha na kuwachanja wote wawili, na kuziba matundu ya ghala.

Usiku ukikolea, taa za nyumba zinapozimwa moja moja na barabara kuu ikibaki na sauti za malori, paka wa Mikese huwa kazini. Anapita juu ya ukuta, anasimama, anasikiliza. Mtoto anayemchungulia dirishani kabla ya kulala anaweza kuambiwa kwamba huko Mikumi simba naye ndiyo kwanza ameanza kutembea, na kwamba yeye kazi yake usiku huo ni kubaki ndani.